Sulisuli Ukutani, Mwenyewe Baharini: Mwongozo wa Kutengenezesha Sanamu ya Samaki Uliyemwachia

Sulisuli, yule samaki wa baharini mwenye mdomo mrefu kama mkuki na tanga, yaani pezi kubwa la mgongoni, anayetundikwa kwenye ukuta wa hoteli siku hizi, iwe Malindi, Watamu au Muscat, mara nyingi hana hata gamba moja la samaki ndani yake. Ni faiba iliyopakwa rangi. Kwenye karakana za Florida, ambako kazi hii ni biashara kubwa, ngozi ya samaki wakubwa wa baharini iliachwa zamani kwa sababu ina mafuta. Mafuta huchuruzika taratibu, rangi ikageuka manjano, mapezi yakakauka na kupasuka. Hata mtu aliyemuua samaki wake na kumpeleka karakanani aliishia kupewa faiba. Kumuua hakumpi mvuvi chochote cha ziada ukutani.

Boti nyingi za uvuvi wa kitalii katika pwani yetu humwachia sulisuli, na nyingine humwekea kitambulisho chenye namba kabla hajaenda. Kinachobaki ni vipimo, picha, na fundi wa kuvifanyia kazi. Na hapa ndipo watu wanapokosea mpangilio: wanaanza kutafuta fundi wiki mbili baada ya safari, wakiwa na picha moja ya samaki nusu na kipimo cha kukisia. Fundi naye atafanya nini? Atakupa sulisuli wa kawaida kutoka kwenye kalibu yake, mzuri tu, lakini si wako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale ya botini. Nitamshika sulisuli kama mfano mkuu, na pale sangara wa Ziwa Victoria au wa mto Nile anapohitaji namna yake nitasema.

Vifaa na mgawanyo wa kazi

Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150. Sulisuli mkubwa anaipita, na kusoma tarakimu ndogo huku boti inayumba ni kazi bure. Chukua kamba mbili nyembamba zisizovutika, za rangi tofauti: nyekundu ya urefu, buluu ya mzunguko. Majini huna haja ya kusoma chochote. Unailaza kamba, unaibana kwa vidole pale kipimo kinapoishia, unafunga fundo. Samaki akishaondoka mtaipima kamba kwa utulivu kwenye meza, mara mbili, mbele ya shahidi.

Ongeza glavu za kumshikia mdomo, simu iliyofungwa kamba ya mkononi, na miwani ya jua ya polaroidi. Miwani hiyo ukiiweka mbele ya kamera ya simu hukata mng'ao wa maji, na mwili wa samaki uliozama huonekana rangi zake. Ni ujanja mdogo unaozidi kununua kamera mpya. Kama mnatumia chambo halisi, fungeni ndoana za duara, zile zinazonasa kwenye pembe ya mdomo. Samaki aliyemeza ndoana hadi tumboni huna hakika kama umemwachia au umemchelewesha tu kufa.

Kisha gaweni kazi kabla mshipi haujaguswa. Baharia mmoja anamshika mdomo, mwingine anashika kamba, wa tatu ana kamera na hana kazi nyingine yoyote. Nahodha anaiweka boti ikienda mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Mgeni aliyemvuta samaki atataka kushika kila kitu. Mpeni nafasi ya kusimama karibu na kichwa kwa ajili ya picha, basi.

Dakika mbili za ubavuni mwa boti

Kamera ianze kabla ya kamba. Sulisuli akiwa na hasira, mgongo huwa buluu ya wino, ubavuni kunawaka mistari ya wima iliyojengwa na nukta za buluu hafifu, na tanga lina madoa meusi. Rangi hizo hubadilika mbele ya macho yako, na akichoka sana au akifa huishia rangi ya shaba na kijivu. Fundi akipata picha ya mwisho tu, atapaka samaki aliyechoka.

Washa video tangu samaki anapoonekana, usiizime hadi azame. Baadaye utachagua picha humo. Jua liwe mgongoni mwa mpigaji. Zinazotakiwa ni hizi: ubavu mzima kuanzia ncha ya mdomo hadi mkia, kamera ikiwa imenyooka usawa wa katikati ya mwili, kichwa kwa karibu hadi jicho lijae vizuri, tanga likiwa wazi, mkia, na kovu lolote, kidonda cha zamani au pezi lililochanika. Alama hizo ndizo zitakazomfanya samaki wa ukutani awe yuleyule. Usiridhike na ile picha maarufu ya samaki kusogezwa mbele ya kamera ili aonekane mkubwa, kwa sababu kichwa hukua, mkia hupungua, na fundi hawezi kutoa uwiano humo.

Halafu vipimo. Cha kwanza na muhimu kuliko vyote ni kutoka ncha ya taya la chini hadi katikati ya panda ya mkia, pale mkia unapogawanyika. Cha pili ni mzunguko wa mwili pale palipo pana zaidi, nyuma kidogo ya mapezi ya kifuani. Nafasi ikiruhusu, chukua na urefu wote, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kumbuka kamba ilipita wapi, kama ilifuata mwinuko wa mwili au ilinyooshwa pembeni yake, maana inayofuata mwili hutoa urefu mkubwa zaidi.

Kwa nini taya la chini na si ncha ya mdomo? Mdomo huvunjika, na ule wa samaki mmoja hauwiani kamili na wa mwenzake. Taya la chini na panda ya mkia havidanganyi. Lakini karakana nyingi huuza kwa urefu wote, na tofauti ya vipimo hivi viwili kwa sulisuli mkubwa ni nusu mita au zaidi. Ukiandika tu "urefu sm 175" bila kueleza ni upi, utaletewa samaki mfupi kuliko wako kwa nusu mita, na fundi atakuwa hana kosa.

Samaki asitolewe majini kwa ajili ya haya yote. Katika maji ya Atlantiki ya Marekani sheria ya shirikisho inataka sulisuli anayeachiwa asitolewe kabisa majini, na hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, mwili wa kilo ishirini na kitu uliozoea kubebwa na maji huumia ukiburutwa juu ya ukingo wa boti. Mkimaliza, baharia aendelee kumshika mdomo, boti ikisogea mbele, mpaka rangi irudi na mkia uanze kupiga wenyewe. Akitaka kwenda, utajua.

Sangara ni habari nyingine. Wale wanaovua kutoka ukingoni, kama pale chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wamlaze juu ya turubai lililoloweshwa, mkono mmoja chini ya tumbo. Usimning'inize kwa taya kwenye mizani. Uzito wake mwenyewe unatosha kumvunja. Aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu huja na kibofu cha hewa kimevimba, na huyo apimwe upesi kuliko wote. Jicho lake lipigwe picha ya pekee: ni jeusi lenye duara la manjano, na fundi akilikosea sangara mzima anaonekana wa plastiki.

Uzito bila mizani

Kuna kanuni ya zamani ya wavuvi wa michezo: mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawanya kwa 800, ukitumia inchi na kupata ratili. Kwa sentimita na kilo, badala ya 800 weka 28,900. Kwa sulisuli, urefu uwe ule wa taya la chini hadi panda ya mkia.

Chukua sulisuli wa sm 175 mwenye mzunguko wa sm 66. Sitini na sita mara yenyewe ni 4,356. Mara 175 ni 762,300. Gawanya kwa 28,900, unapata kilo 26 na kidogo. Sangara wa sm 150 mwenye mzunguko wa sm 105 hutoka kilo 57. Ni makadirio, na kwenye kibao cha ukutani yaandikwe hivyo.

Ona pia namna mzunguko unavyotawala hesabu hii. Ukikosea urefu kidogo, uzito unakosea kidogo. Ukikosea mzunguko, kosa linazidishwa mara mbili. Fundi naye anaufuata mzunguko kuchagua kama kalibu yake ipanuliwe au ipunguzwe tumboni. Mvuvi anayerudi na urefu peke yake amerudi na nusu ya samaki.

Karatasi ya samaki

Andika siku ileile, kabla chumvi haijakauka mwilini. Karatasi moja inatosha, na ndiyo utakayomtumia fundi pamoja na picha. Kwa mfano:

"Habari za kazi, fundi. Sulisuli, amevuliwa Mkondo wa Pemba msimu wa kaskazi, ameachiwa hai. Taya la chini hadi panda ya mkia sm 175, kamba imenyooshwa pembeni. Ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia sm 245. Mzunguko sm 66. Mgongo buluu iliyokolea, mistari ubavuni inaonekana wazi kwenye picha ya 4. Kovu jeupe la kidole kimoja chini ya jicho la kushoto. Tanga limechanika sehemu moja nyuma. Acha mpasuko huo, usiuzibe. Nataka aonekane upande wa kushoto, tanga likiwa wazi, mkia umepinda kuelekea ukutani."

Mstari wa mwisho unahitaji ufikirie ukuta. Samaki aangalie ndani ya chumba au mlangoni, asiugeuzie mgeni mkia. Ukichagua upande wa kulia ilhali kovu na picha zako zote ni za kushoto, utamlazimisha fundi abuni. Pima na mlango, ngazi na kona ya korido. Mita mbili na nusu za faiba hazikunjwi.

Kuagiza nje

Karakana zenye kalibu za sulisuli za kila ukubwa ziko Marekani, hasa Florida kusini, na zipo pia Afrika Kusini. Hutoza kwa inchi. Bei nyingi za Marekani zinaangukia kati ya dola 15 na 25 kwa inchi ya urefu wote, kwa hiyo sulisuli wa sm 245, ambao ni inchi 96, ni kati ya dola 1,440 na 2,400 kabla ya usafiri. Nusu hulipwa mwanzo, na kusubiri ni miezi, si wiki.

Kabla ya kulipa muulize mambo matatu. Kalibu iliyo karibu zaidi na samaki wangu ni ya sentimita ngapi, na mtaikata au kuirefusha ifikie kipimo changu? Je, mtapaka kwa kufuata picha zangu au rangi yenu ya kawaida? Na mtanitumia picha kabla ya kupaka vanishi ya mwisho? Anayekwepa swali la tatu mwache. Baada ya vanishi, kusahihisha mstari mmoja ni kuanza kusaga upya.

Swali la nne ni langu mwenyewe na limeokoa pesa nyingi: tanga linatoka? Mzigo wa ndege hulipiwa kwa nafasi unayochukua. Hesabu ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Kreti ya 260 kwa 100 kwa 40 huhesabiwa kilo 173, japo sanamu yenyewe ni nyepesi. Tanga likichomolewa na kulazwa pembeni, kreti ikawa 260 kwa 50 kwa 40, unalipia kilo 87. Kwa meli ni nafuu zaidi, mradi una subira.

Kwenye ankara iandikwe wazi kuwa ni sanamu ya faiba isiyo na sehemu yoyote ya mnyama. Kenya imekataza biashara ya nyara za wanyamapori tangu miaka ya 1970, na ofisa wa forodha akiona neno la nyara kwenye karatasi ana haki ya kuuliza maswali. Weka na picha za kazi ikiendelea, faiba ikiwa bado haijapakwa rangi. VAT ni 16% Kenya na 18% Tanzania Bara, juu yake ushuru. Mpe wakala wa forodha nyaraka kabla mzigo haujafika, si baada.

Kumpa fundi wa hapa

Mafundi wa faiba tunao: wanaojenga boti Mombasa, Dar es Salaam na Mwanza, na wanaotengeneza bampa za matatu na daladala. Wanachokosa ni kalibu ya samaki, si ujuzi wa rizini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba. Kwa sangara ningeanzia kwao moja kwa moja, kwa sababu karakana za ng'ambo hazina kalibu nyingi za sangara na bei ya kusafirisha itakuuma.

Njia ya kwanza ni kuchonga. Peleka picha ya ubavu kwa wachapa mabango, waambie waikuze mpaka samaki afikie kipimo chake halisi, waichape kwenye turubai la bango. Fundi analiweka hilo chini, anakata povu kwa kulifuata, kisha anatumia kamba yako ya buluu kuhakikisha tumbo. Povu lisiwe lile jeupe linalokuja na televisheni: rizini ya poliesta hulila mpaka likawa uji mbele ya macho yenu. Atumie povu gumu la poliyurethani, au apake kwanza rizini ya epoksi.

Njia ya pili, iliyo bora kwa magamba, ni kumnunua samaki wa kipimo hicho aliyekwisha kufa sokoni, mathalani Kirumba, Mwanza, na kuchukua kalibu kwake. Ute huondolewa kwa shabu iliyoyeyushwa majini, polepole, mpaka magamba yakwaruze kidole. Samaki hulazwa kwenye mchanga wenye unyevu hadi nusu ya mwili, plasta ikamwagwa juu. Kalibu ikikauka hupakwa nta, kisha gelikoti, yaani rizini nzito ya tabaka la nje, kisha mkeka wa faiba tabaka mbili au tatu. Kwa samaki wa ukutani upande mmoja unatosha, na upande wa nyuma ulio wazi ufungwe kwa ubao. Mapezi hutolewa peke yake na kubandikwa baadaye. Macho ya kioo huagizwa kwa milimita, na hapa usibane matumizi.

Hadena, dawa ya kuigandisha rizini, ni asilimia 1 hadi 2 ya rizini, na kwa joto la Mombasa la Februari shikilia chini, karibu na 1. Ukizidisha, kopo linachemka mkononi. Hadena isigusane na asetoni kamwe, maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka, na tone moja likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Miwani na barakoa yenye chujio si mapambo, na vumbi la kusaga faiba lisipeperushwe uani walipo watoto.

Rangi mpe mtu mwingine. Fundi hodari wa faiba mara chache ndiye hodari wa bomba la rangi. Wapaka rangi wa magari wanaoandika michoro ya matatu Nairobi wana mkono unaotakiwa: tabaka jembamba, tumbo jeupe kwanza, fedha juu yake, kisha mistari, mgongo mwisho. Kasoro ya kawaida ni kumfanya sulisuli buluu moja iliyolingana kutoka kichwa hadi mkia. Simama naye, picha ya 4 mkononi, hasa pale mgongo unapokutana na ubavu. Mpaka huo kwa samaki hai haunyooki.

Kutundika

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe, hazibebi mzigo kwa plagi moja ya skrubu. Funga kwanza ubao mrefu kwa skrubu nne au tano zilizotawanywa, kisha samaki akae juu ya ubao. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani hewa ya bahari huitafuna ya kawaida na kuacha mchirizi wa kutu chini ya mapezi. Jua la moja kwa moja hufifisha buluu kabla ya rangi nyingine zote, kwa hiyo baraza inayotazama magharibi si mahali pake.

Safisha kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila spiriti wala sabuni kali. Futa nyuma ya tanga pia. Mijusi hupapenda sana mahali hapo, na uchafu wao ukikaa muda mrefu hula vanishi.

Kibao cha chini kiwe na jina la mvuvi na la boti, mahali, tarehe, vipimo viwili na uzito wa makadirio. Kama aliwekewa kitambulisho, andika namba yake pia na acha nafasi ya mstari mmoja mtupu chini yake. Akinaswa tena na taarifa ikafika, kutakuwa na la kuongeza.